Mbwa Wametulia

Alifunua.

Wale mliobishana wiki nzima kwamba Irakoze atarudisha mkono na kumtii mchumba wake, poleni. Hamumjui huyu binti. Modest alisimama nyuma yake akihema, akisema, "Usifunue hilo pipa, Ira, nakuomba." Binti akashika mfuniko kwa mikono miwili, akaunyanyua, akautupa kule kwenye vumbi.

Harufu ikatoka.

Msomaji mmoja aliniandikia kwamba ndani ya pipa kuna maiti. Mwingine akaapa ni gongo. Afadhali ingekuwa gongo! Naandika haya nimekunja pua, na chai yangu imepoa mezani kwa sababu siwezi kuimeza.

Ndani ya lile pipa la buluu, nyuma ya stoo ya Gesti ya Mbwa, pale Cheyo mjini Tabora, kulikuwa na maji meusi mazito, yenye povu la rangi ya kutu. Juu yake yalielea manyoya ya kila aina: meupe, ya kahawia, na ya paka wa kijivu ambaye mwenyewe alimchukua juzi huku akishukuru. Kupe waliokufa walijaa kwenye ukingo wa povu. Chini yao, majani mapana yaliyolowa yalikuwa yanajigeuza polepole.

Irakoze hakuhitaji kuambiwa. Amezaliwa Ulyankulu, katika familia ya Kirundi iliyolima tumbaku tangu babu yake alipovuka mpaka. Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma.

"Mana yanje," alisema, kwa lugha ya mama yake. Mungu wangu. "Modest, umewaogesha mbwa wa watu kwa maji ya tumbaku?"

"Ni dawa ya viroboto," Modest alijibu, na kwa jinsi alivyokuwa mwepesi ungedhani alishalikariri jibu hilo. "Ya asili. Haina kemikali. Wateja siku hizi wanapenda vitu vya asili."

Kwa wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, habari ni fupi. Irakoze alianzisha malezi ya wanyama nyumbani kwake. Ukienda msibani au harusini, unamwachia mbwa wako, naye anamlisha, anamtembeza, anamwogesha kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na vizimba kumi na viwili na sheria moja tu: vikijaa, hapokei. Kisha akaja Modest, mwenye simu mbili na maneno matamu, akawa mchumba, halafu akawa msimamizi wa oda. Oda zikapanda. Watu wa Cheyo wakaanza kupaita Gesti ya Mbwa. Vizimba ni vilevile, ila mbwa wanalala watatu watatu, na kwa mwezi mzima sasa hakuna anayebweka.

Cha ajabu, wateja wameridhika kuliko zamani! Hilo ndilo lililomnyima Irakoze usingizi mpaka akaja kulishika lile pipa.

Na Jumamosi hii kulikuwa na jambo lililomchoma zaidi. Katika kizimba cha mwisho alilala Sululu, mbwa mzee wa Mzee Mahona, katekista. Mzee alikuwa amempeleka mkewe Mwanza kupasuliwa jicho. Siku ya kuondoka alimshika Irakoze mkono akamwambia, "Binti yangu, nimkute anapumua. Sitaki kingine." Treni ya Mwanza ilikuwa inaingia mchana huohuo, na Sululu alikuwa hajasimama tangu asubuhi.

Irakoze akakimbilia kizimbani, akapiga magoti. Mate ya Sululu yalitiririka hadi sakafuni, yakafanya kidimbwi. Miguu ilimtetemeka. Manyoya yalikuwa bado mabichi, yananata, na mbwa yule mzee alikuwa anajilamba polepole, bila hamu, kwa mazoea tu.

"Usijilambe, baba," Irakoze akamwambia, akamzuia kichwa kwa mkono. Akamgeukia Modest. "Hawa hawajatulia! Wamelewa! Nilipokuwa mdogo tulichuma tumbaku asubuhi ikiwa na umande. Nilirudi nyumbani napepesuka, natapika njia nzima. Mama alinivua nguo akaniosha kwa sabuni na maji safi mpaka nikalia. Ni hali hiihii!"

"Wamelewa, wametulia," Modest akainua mabega. "Mteja anaona tofauti gani?"

Naapa alisema hivyo. Siongezi chumvi.

"Nani alikufundisha uchafu huu?"

Modest akacheka. Akachuchumaa karibu yake, akashusha sauti kama anayebembeleza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku ile kwa mama yako Demetria, tunakula. Ukatuchekesha wote. Ukasema bibi yako alikuwa anawaosha kuku utitiri kwa maji ya tumbaku, na kuku akizidishiwa anakaa kimya kama yuko kanisani. Nikacheka na mimi. Halafu usiku nikafikiri."

Irakoze akang'aka.

"Bibi aliosha kuku mmoja, kwa kikombe kimoja! Halafu anamsuuza palepale!"

"Bibi yako hakuwa na oda. Mimi nina mbwa nyumba nzima, nikianza kumsuuza mmoja mmoja nitapokea wangapi? Ira, sikiliza. Wewe uliwaogesha kwa upendo, wakabweka, majirani wakatuletea mwenyekiti wa mtaa hapa. Mimi nimewachovya, wametulia, mwenyekiti mwenyewe kaleta mbwa wake. Ona." Akamsogezea simu usoni. "Nyota tano. Nyota tano. Huyu kaandika, mbwa wangu amerudi na heshima. Unataka nini zaidi?"

"Maji safi," Irakoze alisema. "Nataka maji safi nimwoshe Sululu sasa hivi."

Modest akaangalia pembeni. Maji ya bomba yalikatika tangu jana, mtaa mzima. Na tenki?

"Tenki nililimalizia hapa," alisema, akionyesha pipa kwa kidevu.

Ilibaki ndoo moja, jikoni, ambayo Irakoze aliiweka kwa ajili ya chai. Akainuka kuifuata. Hakufika hata mlangoni, honi ikalia getini, na Modest akawahi kufungua huku anarekebisha kola ya shati lake jeupe.

Akaingia Mama Josepha, mwalimu mkuu mstaafu, amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka linameta, na nyuma yake marafiki zake wawili wa jumuiya. Alikuja kumchukua Kidosho, kile kimbwa chake cheupe.

"Shikamoo, mama," Irakoze akasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea wateja! Wenzangu wana harusi Nzega wiki ijayo, nikawaambia, mbwa wenu wapelekeni kwa Irakoze, mtakuja kunishukuru."

Modest alikuwa tayari amemleta Kidosho mikononi. Akamweka chini. Zamani kimbwa hiki kilikuwa kikimwona mama yake kinazunguka kama pia, kinaruka, kinalia kwa furaha mpaka kinajikojolea. Leo kilisimama miguu imetanuka, kikatazama ukuta. Mate yakadondoka taratibu juu ya kiatu cha Mama Josepha.

"Mnaona?" Mama Josepha akawageukia wenzake, uso umemng'aa. "Mnaona adabu hiyo? Angekuwa kashaniharibia gauni."

"Mama, Kidosho anaumwa," Irakoze akasema.

"Anaumwa nini?"

"Ameogeshwa maji ya tumbaku. Ukifika nyumbani muoshe kwa sabuni, maji mengi, na asijilambe. Tena usisubiri."

Mama Josepha akamtazama muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyechelewa mstarini.

"Mwanangu, mimi nimekaa na kelele za huyu mbwa mpaka nikapata presha. Sasa analala, na mimi nalala. Nimeridhika. Mfanyabiashara gani anamgombeza mteja aliyeridhika?"

"Mweleze, mama," Modest akadakia, akicheka. "Huyu mchumba wangu ana huruma imezidi."

Wakacheka wote. Mama Josepha akachukua kitambaa, akafuta mate kwenye kiatu, akakikunja kitambaa kile na kukirudisha ndani ya mkoba pamoja na rozari yake. Wenzake wakataja majina ya mbwa wao, na Modest akayaingiza kwenye simu kwa kidole gumba, chapu chapu, akiwauliza kama na paka wapo.

Nimewahi kuandika habari za wezi, za wachawi na za wanaume wenye wake wawili wasiojuana. Sijawahi kuchefuka kama hapa. Mji huu umelaza wageni tangu enzi za misafara, na leo mtu mzima, mwenye elimu yake, anamwona kiumbe wake anadondokwa na mate mbele ya macho yake, na anatoa nyota tano kwa sababu gauni limesalimika! Kidosho hakuulizwa anatoa nyota ngapi.

Irakoze akageuka tena kwenda jikoni. Pikapu ikasimama getini.

Modest akabadilika rangi. Akamkamata binti kiwiko, akamnong'oneza kwenye sikio, "Huyo ni Twalibu wa Nzega. Akiridhika huyu, tunajaza mpaka uwanja wa jirani. Ukifungua mdomo, Ira, nitakusahau kama sikuwahi kukujua."

Twalibu alikuwa mtu mfupi, mkimya, mfunza mbwa wa kampuni moja ya ulinzi inayolinda wanunuzi wa dhahabu. Alikuwa ameacha mbwa mmoja tu kwa majaribio, dume kubwa jeusi liitwalo Kamanda. Huyo akirudi salama, mbwa wote wa kampuni wangeletwa hapa kila walinzi wanapokwenda likizo.

"Kamanda yuko wapi?" aliuliza, bila hata kukaa.

Modest akamleta kwa mnyororo uliolegea. "Ametulia, bosi! Hata mtoto mchanga anaweza kumpanda mgongoni."

Twalibu hakutabasamu. "Mtoto mchanga ampande ili iweje?"

Modest akaukaza mnyororo, na Twalibu akamgeukia mbwa wake.

"Kamanda. Linda!"

Kamanda akatazama kivuli chake mwenyewe.

"Linda!"

Kamanda akakaa. Halafu akasahau kwamba amekaa, akajaribu kukaa tena.

Twalibu akampokonya Modest mnyororo. "Wewe. Kimbia."

"Nikimbie?"

"Kimbia kuelekea getini, kama mwizi. Usiogope, nimemshika."

Mama Josepha na wenzake wakasogea ukutani. Modest, na viatu vyake vya ncha kali, akakimbia huku anageuka nyuma kila hatua. Kamanda, ambaye kule Nzega wezi wanamjua kwa jina, akainuka, miguu ya mbele ikapishana na ya nyuma, akaenda upande kama mlevi anayetafuta mlango, kisha akatapika. Alitapika ugali na dagaa na nyongo ya kijani juu ya buti za Twalibu, halafu akalala ndani ya matapishi yale, shavu likiwa chini, macho wazi.

Nzi wakafika kabla ya mtu yeyote kusema neno.

"Nilikuachia mbwa," Twalibu alisema polepole. "Unanirudishia blanketi."

"Bosi, ni joto tu..."

Twalibu akainama, akanusa manyoya ya Kamanda. Akanusa tena. "Tumbaku. Nani anawaogesha mbwa hapa?"

Irakoze alimwangalia Modest. Bado, wasomaji wangu, bado alikuwa na tumaini dogo la kijinga kwamba mwanaume atakayevaa naye pete atafanya jambo la kiume. Modest naye alimwangalia, akalamba midomo.

"Yeye," alisema, akimnyooshea kidole. "Mimi nashughulika na oda tu. Nilimkataza, bosi, Mungu shahidi! Lakini unawajua hawa watu wa Ulyankulu. Wamekuja na tumbaku, wanafikiri kwa tumbaku. Jina la pale getini ni lake, si langu."

Subirini kidogo, niteme mate nje ndipo niendelee.

Haya.

"Kumbe ni wewe, binti!" Mama Josepha akapayuka, na sasa amemkumbatia Kidosho kifuani kama yai. "Ndiyo maana hanirukii! Nilishangaa mimi! Nilisema huyu mbwa si mzima!"

Hakusema hivyo. Mlikuwepo, mlimsikia.

Mnamtegemea Irakoze alie. Hakulia. Alienda kwenye ukuta wa stoo, akatoa msumarini glavu mbili nene za mpira, ndefu hadi kwapani, akaingiza mkono wake mwembamba ndani ya moja. Vidole vyake vilifika nusu tu ya vidole vya glavu. Akaivua, akaitupa miguuni pa Modest.

"Vaa tuone inamfaa nani. Au usivae kabisa. Umesema ni dawa ya asili, haina kemikali. Pipa lile pale. Tia mikono."

Modest akacheka kicheko kikavu. "Upuuzi."

"Si upuuzi," Twalibu akasema. Alikuwa anapangusa buti lake kwa jani, macho hayabanduki kwa Modest. "Mimi nataka kujua kama mbwa wangu ana homa au ametiliwa sumu. Tia mikono, ukae nayo humo. Ukitoka mzima, nitaamini ni homa. Na nitawaleta mbwa wote."

Mbwa wote! Mngemuona. Mtu mwingine angeomba radhi, au angekimbia. Modest alisikia maneno mawili tu, na hayo mawili yakammaliza. Akakunja mikono ya shati jeupe hadi mabegani, mikunjo safi kabisa. Mikono yake ilijaa mikwaruzo mibichi ya paka waliokuwa wanakataa kukamatwa kabla hajavaa glavu. Akaenda kwenye pipa, akavuta pumzi, akaizamisha yote.

"Mnaona?" alisema, akikoroga. Manyoya yakamzunguka kwenye viwiko, kupe wafu wakamganda. "Tena yana baridi nzuri. Mama zangu, msiogope. Bosi, nikueleze na huduma zetu mpya. Tutawafuata mbwa hukohuko Nzega kwa gari, tutawapiga picha kila siku, tutawa... tutawa..."

Jasho lilianza kwenye paji la uso. Lilikuwa jasho jembamba, la baridi, juani.

"Endelea," Twalibu akasema. "Mtawafanyaje?"

"Tutawapa... kifurushi cha..." Akameza mate. Akameza tena. Mate yakawa mengi kuliko yeye, yakamtoka pembeni mwa mdomo na kuning'inia kidevuni kama uzi, kama ya Kidosho, kama ya Sululu. Magoti yakaanza kugongana. Rangi ya uso ikageuka majivu.

Hakuitoa mikono. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Alikuwa anaumwa, anajua anaumwa, na bado alikuwa anatabasamu.

Kisha akatapika ndani ya pipa lake mwenyewe.

Mmoja wa marafiki wa Mama Josepha akapiga ishara ya msalaba. Modest aliteleza ukingoni, akaanguka kwa makalio, akaketi kwenye tope jeusi, miguu imetanuka, anatazama ukuta.

"Ametulia," Twalibu akasema.

Akambeba Kamanda kama mtoto, akamlaza nyuma ya pikapu. Akarudi hadi kwa Irakoze, akavua kofia. "Dada, namkimbizia daktari wa mifugo mbwa wangu, halafu nitamleta daktari hapa kwa hawa wengine. Huyu wa kwenye tope sijui nimletee nani. Ningekuuliza wewe kwanza kabla ya kumleta Kamanda, ningekuwa na akili zaidi."

Mama Josepha naye alikuwa anaondoka kwa haraka ya ajabu, Kidosho kwapani, simu mkononi. Najua alichokuwa anakitafuta kwenye ile simu. Zile nyota zake tano, azifute kabla hajaonekana mjinga. Angalau nasikia alinunua maji ya chupa njiani akamuosha mbwa wake, na wenzake wakafuta oda zao kabla ya kufika barabara kubwa.

Uwanja ukabaki na watu wawili na vizimba vilivyojaa kimya.

Irakoze akaingia jikoni. Akatoka na ile ndoo moja.

"Ira," Modest aliita kutoka chini. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, inachuruzika, vidole vinatetemeka. "Ira, maji. Inaniunguza. Dunia inazunguka. Nakufa."

Irakoze akasimama mbele yake na ndoo. Upande huu, mchumba. Upande ule, kizimba cha mwisho, ulimi wa mbwa mzee ukipita tena juu ya manyoya yanayonata.

"Hufi," Irakoze akamwambia. "Vua shati. Jisugue kwa mchanga mkavu, uingie kivulini, ulale ubavu. Mimi nilitapika hivyo nikiwa mtoto, na kesho yake nikapelekwa shambani. Na daktari yuko njiani."

"Wa mifugo!"

"Ndiye tuliyenaye."

"Mimi ni mchumba wako, Ira! Unamchagua mbwa?"

"Sululu anajilamba mwili mzima, Modest. Wewe hujilambi."

Akampita.

Alimuosha Sululu kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, bila kumwaga tone ovyo. Sabuni ikatoka na povu la kahawia. Akasuuza, ikatoka tena ya kahawia. Alipoona ndoo inakwisha akafungua kitenge chake cha juu, akalowesha pembe yake, akamfuta masikio, makwapa, katikati ya vidole, kule ambako mtu anayechovya mbwa kwenye pipa hawezi kujua kama kupo. Sululu alimwachia mwili wote, mzito, bila kumtazama. Maji yakabaki kikombe kimoja. Irakoze akamnywesha, na nusu yake ikarudi na mate.

Ndipo mluzi ukasikika getini.

Mtaa mzima unaujua ule mluzi, mrefu halafu mfupi. Mzee Mahona akirudi kutoka popote anaupiga kabla hajafika, na Sululu humjibu kabla haujaisha. Watoto wa Cheyo wanauiga.

Hakuna aliyejibu.

Mluzi ukapigwa tena, na safari hii ulikatika katikati. Geti likafunguliwa. Mzee Mahona, mkewe ameshamtanguliza nyumbani, aliingia na begi lake la safari begani, koti limejaa vumbi la treni, akasimama akaona yote kwa pamoja: pipa wazi, kijana mwenye shati jeusi kwa uchafu amelala ubavu kivulini, na binti amepiga magoti ndani ya kizimba.

"Shikamoo, baba," Irakoze akasema.

Mzee hakuitikia. Aliweka begi chini, akapiga magoti upande wa pili wa mbwa wake, akaweka kiganja kwenye mbavu zake. Akakaa hivyo. Irakoze alitazama kile kiganja, akingoja aone kama kinapanda au hakipandi.

"Anapumua," mzee akasema hatimaye.

Lakini Sululu hakuwa amemtambua. Macho yake yalimpita yakaenda kwenye ukuta.

"Nieleze," mzee akasema.

Irakoze akaeleza. Hakuficha lolote, hata ile hadithi ya kuku wa bibi yake, ambayo angeweza kuiruka na hakuna ambaye angejua. Kutoka kivulini Modest aliinua kichwa.

"Baba katekista, usimsikilize! Hayo ni mambo ya wachumba tu, tutayamaliza wenyewe. Kesho ni tangazo letu la tatu. Paroko anajua, ukoo mzima unajua. Ukumbi umeshachukuliwa!"

Mzee Mahona alimtazama kama unavyotazama kitu kilichoelea juu ya maji ya kunywa. Halafu akamrudia Irakoze. Yeye ndiye anayesoma matangazo ya ndoa parokiani, Jumapili zote, kwa sauti ileile nzito. Tangazo la kwanza lilipigiwa makofi, la pili likapigiwa vigelegele.

"Kesho misa ya kwanza nasimama kusoma," alisema. "Majina yenu ni ya kwanza kabisa. Binti yangu, nisome, au nisisome?"

Irakoze alikamua kitenge chake. Maji meusi yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Chini ya mkono wa mzee, sikio moja la Sululu likasogea, kidogo tu, kama linatafuta mluzi uliokwisha kupita.

"Soma, baba," alijibu. "Soma majina yote mawili, kwa sauti, mpaka walioko nje ya kanisa wasikie. Ila ukifika pale pa kuuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi cha ndoa hii, usiharakishe."